Katikati Pasipo na Kitu

Kufikia kompyuta ya tisini na moja, Fundi hakuwa tena na nguvu hata ya kuwachukia watu. Wiki ya kwanza aliwachukia vizuri, kwa bidii, mmoja mmoja. Sasa alikuwa anaingia chumbani, anatoa salamu, anavuta kiti na kungoja aambiwe yale yale aliyoambiwa kwenye meza tisini alizotoka: usifute picha ya wanangu, usiguse hiyo saa, hilo ua nililiweka mwenyewe na nikilibonyeza linachanua.

Agizo lilitoka ofisi kuu ya hospitali, na lilikuwa fupi. Kompyuta zote tisini na nne zivae sura moja: ukuta wa buluu, nembo ya hospitali juu kulia, aikoni zipangwe katikati kwa safu, herufi ziwe za ukubwa mmoja, ili mgeni akipita asidhani ameingia sokoni. Aliyeliandika hakuwahi kukaa kwenye kiti cha mtu akamwondolea picha ya mtoto wake huku mwenyewe amesimama nyuma anampumulia kisogoni. Kazi hiyo alipewa Fundi peke yake, wiki mbili, na miguu yake ilikuwa imevimba tangu Jumanne.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirithi kwa fundi aliyemtangulia, mama mmoja mkali aliyestaafu zamani: okoa kazi ya mtu, tupa mapambo. Kazi ni barua, ripoti na majedwali. Mapambo ni mengine yote. Basi alikuwa ananakili mafaili yote, anayahesabu mara mbili mwenye kompyuta akiona, kisha anafuta kilichobaki bila kupepesa macho. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumpotezea mtu hata ukurasa mmoja, na katika mambo yake yote ya maisha hilo ndilo pekee aliloweza kujisifia bila kutia chumvi.

Chumba cha zamu kilikuwa mwisho wa korido, kikipakana na chumba cha kufulia mashuka, kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa na joto mwaka mzima. Ndani mlikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya karani wa likizo, mwanamke mchangamfu ambaye hakuna neno lililompita. Nyingine ilikuwa ya Mama Zamu. Huyu ndiye aliyepanga zamu za wauguzi wote, mia mbili na kumi na wawili katika wadi kumi na moja, na aliifanya kazi hiyo miaka mingi hata watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Hawakumpenda. Zamu zake zilikuwa za haki, hilo hata maadui zake walikubali kwa shingo upande. Lililowachoma ni jicho lake. Ukisema naye hakutazami. Anatazama dirisha, au kalenda, au kitasa cha mlango, na wewe umesimama pale unajihisi kama deni la mtu mwingine. Wauguzi walisema anaringa. Matron, ambaye ndiye mkubwa wake, aliwahi kusema mkutanoni kwamba ametukanwa na wengi lakini hajawahi kudharauliwa kimyakimya namna ile.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema.

Marahaba ikaenda kwenye kalenda.

Fundi alipoitazama kompyuta yenyewe alishusha pumzi. Alikuwa ameona mengi katika wiki hizo mbili, lakini hili lilikuwa jipya. Mama Zamu alikuwa ameweka programu ya ngozi, ile inayoivua kompyuta sura yake na kuivisha nyingine unayoitaka wewe, na kwa uhuru wote huo alikuwa ameamua kuivisha gunia. Ukuta ulikuwa mweusi tii. Majina ya wadi yalikuwa ya manjano, manene, makubwa kupita adabu, na yamebanwa kwenye kingo za skrini, juu, chini na pembeni. Kwenye kona ya juu kushoto palikuwa na saa kubwa. Katikati hapakuwa na kitu. Eneo zima la katikati, ambako mtu yeyote mwenye akili angeweka vitu vyake, lilikuwa giza tupu.

Fundi aliuliza nani amemwekea. Mama Zamu akajibu kwamba ameweka mwenyewe. Alijifunza kidogo kidogo, akiandika vipimo vya kila jina kwa mkono mpaka likakaa pale alipolitaka. Ilimchukua miezi mitatu. Kisha akasema, akiliambia dirisha, "Hii ningeomba uiache."

"Agizo, Mama. Hata Matron mwenyewe nimemfutia picha zake."

"Nimesikia. Naomba uiache."

Karani wa likizo alikuwa ameacha kuandika. Mama Zamu aligeuza kichwa upande wa meza ya mwenzake, akakaa hivyo muda kidogo, kisha akafunga mdomo wake na asiufungue tena. Fundi alidhani amenuna. Watu wengi walikuwa wamemnunia, akazoea. Alinakili ratiba zote, akazihesabu mara mbili, akaifuta programu ya ngozi pamoja na folda ya vipimo vyake, akapiga ukuta rangi ya buluu. Zile wadi kumi na moja akazipanga katikati kwa safu mbili zilizonyooka, na kwa sababu alimhurumia kidogo yule bibi mwenye kiburi, akahakikisha zimekaa sawasawa, hakuna iliyopinda. Aliondoka akijiona amemtendea wema.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi wadi ya watoto ilifunguka ikiwa na muuguzi mmoja.

Walikuwamo watoto thelathini na mmoja. Muuguzi huyo, mkuu wa wadi, alikimbia kutoka kitanda hadi kitanda akipima joto na kugawa dawa, akimbeba mtoto mmoja mgongoni kwa sababu hakukubali kulazwa chini. Wakati huohuo wadi ya wazazi, mlango wa pili, ilikuwa na wauguzi wanane wanaopishana kama wageni kwenye sebule ndogo. Wanne kati yao walikuwa wa watoto. Ratiba iliwaandika huko, na wao wakafuata ratiba. Mpaka mtu akapiga simu, mpaka simu ikapokelewa, saa sita mchana ilikuwa imefika. Hakuna mtoto aliyepata madhara, lakini mama mmoja alikaa nje akilia kwa sababu mwanawe alikosa sindano yake kwa wakati, na kilio hicho Matron alikisikia mwenyewe.

Matron alisema Jumatatu atamsikiliza Mama Zamu, na kila mtu alijua maana ya kusikilizwa. Fundi naye aliagizwa aikague kompyuta aone kama kosa ni la mashine.

Kosa halikuwa la mashine. Fundi alilipata Ijumaa asubuhi, akiwa mezani kwake, kwa dakika kumi tu: majina manne ya wauguzi wa watoto yalikuwa yameingizwa kwenye folda ya wazazi. Folda hizo mbili zilikaa jirani katika ile safu nzuri aliyoipanga yeye, buluu kwa buluu, herufi kwa herufi. Alirudi nyuma kwenye ratiba za zamani kutafuta kosa jingine la namna hiyo, kwa matumaini ya aibu kwamba atalipata, ili lisiwe lake. Alipitia mwaka mmoja, akapitia wa pili. Hakulipata.

Mchana, karani wa likizo alipokwenda kula, Fundi aliingia chumba cha zamu bila kubisha. Mama Zamu alikuwa ameigeuza skrini upande na kuikaribia mpaka shavu lake linakaribia kuigusa, shingo imepinda, anatazama ukutani huku mkono wake ukiitafuta wadi ya macho kwenye safu ya pili. Alikosa, akafungua ya meno. Akaifunga, akajaribu tena.

Fundi alisimama pale mlangoni, na uchovu wake wote wa wiki mbili ukageuka kitu kingine. "Mama," alisema, "macho yako yana nini?"

Mama Zamu hakushtuka. Alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Kaa hapo mbele yangu," alisema. Fundi akakaa. Mama Zamu akamgeuzia uso wote, macho yakamtazama moja kwa moja. "Sasa nakutazama usoni kama watu wanavyotaka. Unajua naona nini? Naona shingo, naona nywele. Katikati moshi. Huna uso, mwanangu." Kisha akageukia kalenda. "Sasa nakuona. Una hereni ndogo za duara, na hukulala jana."

"Sikulala," Fundi alisema.

Habari yenyewe Mama Zamu aliitoa kwa ufupi, kama mtu anayesoma ratiba. Ilikuwa imeanza miaka mitano iliyopita. Alikwenda kutibiwa hospitali nyingine, mji mwingine, ili faili lake lisishikwe na mtu anayemjua. Daktari wa huko akamwambia katikati ya macho pamekufa na hapafufuki. Kingo zimebaki na zitabaki. Akarudi nyumbani akalia siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuipanga kompyuta upya. Aliweka vitu vyote kule ambako macho yake bado yalikuwa hai, akaliacha giza mahali pa giza.

"Nakodoa pale katikati pasipo na kitu," alisema, "na wadi zote kumi na moja zinanizunguka, naziona kwa pamoja. Watoto kona hii, wazazi kona ile, mbali kabisa. Wewe ukaja ukaziweka zote shimoni."

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atazame viatu vyake. Miaka kumi na minne ya kujisifia, na kazi ya mtu aliifuta mbele ya macho yake akiiita mapambo. Aliuliza kwa nini hakumwambia siku ile.

"Mbele ya yule?" Mama Zamu alielekeza kidevu kwenye meza ya karani wa likizo. "Ningekuambia saa nne, saa tano ingekuwa imefika chumba cha upasuaji. Wangesema kipofu anapanga zamu za wagonjwa. Bora waseme naringa."

"Na ukikosea tena, Mama? Pale ni watoto."

Swali hilo lilikuwa gumu kuliuliza, na Fundi alijua ni lazima liulizwe. Mama Zamu hakukasirika.

"Mafaili unayo. Uliyahesabu mwenyewe mara mbili. Yapitie yote ya miaka mitano, ukipata kosa kabla ya Alhamisi, nitaaga leo hii. Imebaki miezi kumi na minane nistaafu. Nitatoka, sikatai. Lakini sitaki kutoka kama yule bibi aliyewaacha watoto bila muuguzi. Nataka kutoka kama mtu aliyekuwa anafanya kazi."

Fundi aliyapitia. Alikaa na ratiba hizo mchana mzima, mwezi baada ya mwezi, miezi sitini, macho yake mazima yakimwuma. Alikuta muuguzi aliyeandikwa siku ya harusi ya dada yake, na kando yake maelezo kwamba ameomba mwenyewe kufanya kazi siku hiyo. Alikuta zamu zilizosawazishwa hata kwa wale waliomsema vibaya. Kosa hakulikuta.

Jumamosi, siku ambayo chumba cha zamu hakina mtu, walikutana. Folda ya vipimo ilikuwa imekwenda na maji, hakuna nakala mahali popote, kwa hiyo iliwabidi waanze upya kwa kichwa cha Mama Zamu. Fundi alikuwa amekuja na mkoba wake na roli ya plasta kutoka stoo. Alikata vipande kumi na viwili, kumi na moja vya wadi na kimoja cha saa, akaandika jina juu ya kila kimoja, akawa anavibandika kwenye kioo cha skrini huku Mama Zamu amekaa wima, amekodoa katikati, hatikisiki.

"Upasuaji juu zaidi. Imezidi. Hapo. Watoto chini kushoto, chini, mpaka kwenye fremu. Wazee kulia. Kulia kwangu, siyo kwako."

"Sote tumetazama upande mmoja, Mama. Kulia kwako ndiko kulia kwangu."

"Basi mbona unakwenda kushoto?"

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu kazi ile ianze, na Mama Zamu naye akaliachia dirisha tabasamu dogo. Kipande kwa kipande walimaliza. Fundi aliipakua tena programu ya ngozi, akaifungulia njia kwa neno lake la siri, kwa kuwa kompyuta zenye sura mpya zilikuwa zimezuiwa kupokea programu yoyote, kisha akaandika vipimo, akibandua plasta moja moja na kuweka jina la manjano mahali pake. Mwishoni alitoa mkobani fomu ya ofisi kuu. Palipoulizwa kompyuta ngapi zimekamilika, aliandika tisini na tatu. Palipoulizwa sababu ya pungufu hakuandika kitu, maana kila sababu ya kweli ingemwanika Mama Zamu, na yeye alikuwa amechoka mno kutunga uongo.

Lakini Jumatatu alikwenda kwa Matron akiwa na uongo tayari, mdogo, wa kujitolea. Ofisi ilikuwa na joto. Matron alikaa nyuma ya meza yake, Mama Zamu mbele yake, Fundi pembeni na faili mapajani.

Matron hakuzunguka. Alimwuliza Fundi kama mashine ilikuwa na tatizo au haikuwa nalo.

"Lilikuwepo," Fundi alisema. "Nimelisababisha mimi. Nilipobadilisha sura nilivuruga folda mbili. Mama hana kosa."

Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, na Matron alionekana kutaka kuikubali. Naye alikuwa na mambo mengine ishirini yakimngoja. Alifungua kalamu, tayari kuandika kwamba fundi ameonywa na shauri limekwisha. Fundi akaanza kushusha pumzi.

"Fundi ananisitiri," Mama Zamu alisema.

Aliacha kutazama dirisha. Akauinua uso wake, akauelekeza kwa Matron, na kumtazama moja kwa moja, macho kwa macho, bila kuyaondoa. Matron akaacha kalamu hewani.

"Leo umenitazama," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza."

Fundi peke yake ndiye aliyejua kwamba dakika ile Mama Zamu alikuwa haoni chochote mbele yake isipokuwa moshi.

"Nimekutazama kwa sababu ndiyo heshima yako," Mama Zamu alisema. "Lakini sikuoni, Matron. Nikitaka kukuona lazima nitazame dirishani. Macho yangu yamekufa katikati tangu miaka mitano, nami nimechoka kuficha. Kompyuta yangu niliipanga kwa macho niliyobaki nayo. Ilipopangwa kama za wengine, nikakosea, na watoto wakakosa muuguzi. Kosa ni langu, kwa kutosema."

Nje, mtu alipita akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu. Matron alingoja kelele ile iishe.

"Miaka mitano nakusema unanidharau," alisema.

"Ulikuwa unasema, ndiyo. Nilikuwa nasikia."

Matron alimgeukia Fundi, akauliza habari za ratiba. Fundi alisema amezipitia za miezi sitini, zote, na kosa ni hilo moja la Alhamisi. Matron akauliza ile fomu ya ofisi kuu imeandikwa kompyuta ngapi. Fundi akasema tisini na tatu. Matron akanyoosha mkono, akaipokea, akasoma pale palipoachwa wazi, akaandika mstari mmoja mwenyewe na kutia sahihi chini yake. Fundi hakuthubutu kuchungulia.

Kisha Matron akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Alisimama, akakinyanyua kiti chake mwenyewe, akazunguka nacho meza, akakiweka upande, karibu na dirisha.

"Hapa?" aliuliza.

Mama Zamu alibaki akitazama pale meza ilipokuwa imebaki tupu. "Nyuma kidogo," alisema. "Kushoto. Hapo."

Matron akakaa. "Unaniona?"

"Nakuona, Matron. Umechoka."

"Nimechoka," Matron alikubali, na kwa muda, wote watatu walikaa hivyo, kila mmoja ametazama upande wake. Halafu akasema ratiba ya mwezi ujao anaitaka Jumatano, na Fundi aisome kwanza kabla haijabandikwa.